Pikipiki Iliyokataa Gia ya Tatu

Nilikuwa na pini mdomoni na kiwiko cha mteja mkononi, hapa kibandani kwangu Area 36, Lilongwe, simu ilipolia. Waliowahi kushonewa nguo na mimi wanajua kwamba pini zikiwa mdomoni simjibu mtu, hata awe mchungaji. Lakini simu ilikatika ikalia tena, ikakatika ikalia tena, nikajua ni Dzaleka, kambi ya wakimbizi nilikoishi zamani, kwa sababu watu wa Dzaleka wana subira na kila jambo isipokuwa simu. Sauti ya upande wa pili ilisema, "Mama, ule muzee wa vitesi ametuacha. Asubuyi hii." Vitesi kwetu Kongo ni gia za pikipiki. Nilizitema pini moja moja, nikaketi. Mteja wangu, dada mstaarabu wa Kimalawi, hakuwa amesikia neno hata moja la Kiswahili lakini uso wangu aliuelewa. Alisema "pepani", yaani pole, akaenda nyuma ya pazia akavua gauni lake lililoshonwa upande mmoja tu, akaondoka bila kuuliza litakuwa tayari lini.

Kama ilivyo desturi ya safu hii, sitataja jina la mtu. Marehemu mwenyewe angekasirika, maana angependa atajwe, tena kwa herufi kubwa, na chini yake paandikwe kwamba tangu Bukavu hadi Lilongwe hakuna aliyeijua giaboksi kama yeye. Unyenyekevu haukuwa miongoni mwa maradhi yake. Alikuwa mrefu, mwenye tumbo dogo alilolibeba kwa heshima, na ovaroli ya bluu ambayo mimi ndiye niliyekuwa nikiitia viraka, hadi viraka vikawa vingi kuliko ovaroli. Tena alikuwa mtu wa kuchelewa. Alichelewa ibada, alichelewa harusi, alichelewa mgao wa mahindi akakutana na watu wanarudi na mizigo kichwani. Tukitaka aje saa kumi tulimwambia saa nane. Basi huyu aliyekuwa wa mwisho kufika kila mahali, safari hii ametutangulia sote, na nadhani hilo ndilo linaloniuma zaidi, kwamba sikuwa nimejiandaa yeye awahi.

Tulikuwa majirani kazini kwa miaka mingi, tangu zile siku za mwanzo za miaka ya elfu mbili ambapo wengi wetu tulikuwa bado tunahesabu kukaa Dzaleka kama jambo la msimu mmoja. Kibanda changu cha cherehani na gereji yake, ikiwa turubai juu ya miti inaweza kuitwa gereji, vilikuwa sokoni, vimetenganishwa na ukuta wa matete tu. Kwa hiyo nilisikia kila alichosema, na alisema sana. Pikipiki za wakati ule zilikuwa chache na kuukuu, nyingine zina umri mkubwa kuliko waliozipanda: zilizoachwa na misheni, zilizochoka kwenye mashamba ya tumbaku, zilizotupwa na miradi iliyokwisha. Karibu zote zilikuwa na ugonjwa wa gia. Hii inaruka gia ya pili, ile haishuki, nyingine ukiikanyaga inalia kama sahani zilizoanguka halafu inabaki palepale. Wenyewe walikuja wakiwa wameshajipa jibu: bwati, yaani giaboksi, imekufa, ifunguliwe.

Yeye alikuwa hafungui. Jambo la kwanza alilomwambia mteja lilikuwa, "Leta kiatu." Mteja alidhani anataniwa. Akivua kiatu cha kushoto, mzee wetu alikishika kama vile mwalimu anavyoshika daftari la mtoro, akatazama juu ya kidole ambapo pedali ya gia hugusa kila mara mtu anapoipandisha. Alama ikiwa katikati, alitikisa kichwa kwa kuridhika. Ikiwa pembeni, alisema huyu mtu anaipiga gia teke. Kukiwa hakuna alama kabisa, alimtazama mteja machoni akamwuliza anapandisha gia kwa maombi au kwa nini. Baada ya kiatu alimtaka mteja apande aende hadi kwenye bomba la maji arudi, yeye akimtazama mguu. Kisha akaitikisa pedali yenyewe kuona kama imelegea kwenye mhimili wake. Kisha kebo ya klachi, maana klachi isiyoachia vizuri humfanya mtu aisingizie giaboksi. Kisha akachovya kijiti kwenye oili, akakinusa. Watu walichoka kusubiri. "Anza inje," alikuwa akisema, "ndani njo mwisho. Ukiingia ndani ya nyumba ya muntu mbele ya kupiga hodi, utakuta tu haya." Maneno hayo niliyasikia mara nyingi hadi nikaanza kuyatumia kwa wateja wangu wanaodai cherehani imeharibu nguo kumbe wao wamenenepa.

Mchungaji mmoja wa hapo hapo kambini alikuwa na pikipiki ya kanisa iliyokuwa ikimwangusha kwenye gia ya pili kila masika. Wakati wa kiangazi ilikuwa nzima. Mafundi wa mjini walikwisha kuifungua yote na kuifunga, na masika yaliyofuata ikarudia. Kanisa lilikuwa limeanza kufunga na kuomba, kwa sababu ugonjwa unaofuata majira ya mvua unaweza kuwa na mkono wa mtu. Mchungaji alipofika kwa jirani yangu aliambiwa alete kiatu. Akavua buti la mpira, lile zito la kuvukia matope. Mzee wetu aliligeuza, akalirudisha, akasema, "Pasta, shetani yako ni hii." Buti lilikuwa nene, halikupita vizuri chini ya pedali, kwa hiyo kila mvua ikinyesha mchungaji alikuwa akiipandisha gia nusu njia, na gia ya nusu njia hurudi ilikotoka. Alilegeza bolti ya pedali, akaisogeza juu jino moja, akaikaza. Kazi iliisha hata chai yangu haijapoa. Mchungaji hakufurahi sana, maana Jumapili yake alitakiwa kulieleza kanisa mfungo ule ulikuwa wa nini.

Msidhani alikuwa hakosei. Alikosea, na alipokosea alikosea kwa fahari ileile. Kwenye giaboksi za namna ile kuna bolti moja kwa nje, chini ya tumbo la injini, ambayo mtu akiifungua hutoka springi ndogo, na nyuma ya springi goroli ndogo kama punje ya mbaazi. Hiyo goroli ndiyo inayoibana ngoma ya gia, ile inayozunguka kuchagua gia, mahali pake, ndiyo inayofanya mtu asikie ule mlio wa "tak" gia inapokubali. Siku moja alikuwa ananieleza haya yote, mkono mmoja hewani, akaifungua bolti bila kuweka kitambaa chini. Goroli iliruka. Soko zima likapiga magoti. Tulitafuta mimi na wateja wangu, wauza dagaa, hata mama mmoja aliyekuwa amekuja kununua uzi tu. Mwishowe aligeuka taratibu akamtazama jogoo wa jirani aliyekuwa amesimama pale na uso wa mtu asiyejua lolote. Jioni ile jogoo alichinjwa, goroli ikapatikana, ikaoshwa, ikarudi kazini, nasi tukala nyama kwa nsima, ugali wa huku. "Munaona?" alituambia akilamba vidole. "Mi natengeneza vitesi na ninalisha bantu." Hadi leo sijui kama mwenye jogoo alicheka.

Nimemtaja mkewe mara chache katika safu hii, lakini mama mkwe wake sijamtaja, na leo siwezi kumkwepa. Mama huyu aliishi nyumba ya pili kutoka kwao, mjane mnyamavu, mwenye kitenge kilichofungwa vizuri na fimbo mkononi kwa sababu ya mguu wake wa kulia. Wasomaji wa kwetu wanajua heshima iliyopo kati ya mwanamume na mama wa mkewe, na wasomaji wengine nitawaeleza: hawapeani mkono, hawali wakitazamana, hawaitani kwa jina, na wakikutana njiani mmoja hupisha. Vijana wengi wa Dzaleka wameiacha desturi hii, na wachungaji kadhaa wanasema si lazima. Jirani yangu aliishika kuliko hata wazee wa kwao. Mama mkwe akipita sokoni, fundi wetu, yule mwenye sauti ya kusikika hadi zahanati, alinyamaza ghafla akajitumbukiza chini ya pikipiki iliyo karibu. Mara nyingine haikuwa hata pikipiki anayoitengeneza. Nilimwona siku moja amelala chini ya baiskeli, ambayo kwa hakika haikumficha kitu. Mimi nilikuwa nikimwambia kupitia matete, "Toka, baba, amepita," naye alitoka na vumbi mgongoni akaendelea na sentensi pale alipoiachia.

Sasa ndipo tufike kwa Koko. Koko kwetu ni bibi, na hilo ndilo jina ambalo sisi watu wa soko tuliipa pikipiki yake mwenyewe, mashine nyekundu iliyofifia kuwa rangi ya tofali, ya gia nne, yenye keria pana nyuma, aliyoikuta imelala kwenye ghala la tumbaku huko upande wa Dowa panya wamezalia ndani ya kiti. Aliifufua kipande kwa kipande. Ilipopona aliiendesha kwa namna ambayo mtu wa umri wake hakutakiwa. Ulisikia Koko ikipita gia ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne, kabla hujageuka kutazama, na ukigeuka unakuta vumbi na kuku wanaotafuta watoto wao. Mkewe aligomba, wazee wa kanisa waligomba. Yeye alisema mkono wake unasikia lakini mguu wake wa kushoto una kichwa chake. Ukiona barabara, unapandisha wenyewe.

Halafu, kati ya juma moja na lililofuata, Koko ikakataa gia ya tatu. Alitoka na gia mbili, akarudi na gia mbili, injini ikilia kwa uchungu na yeye amekaa wima kama mtu anayepelekwa kupigwa picha. Nilimwuliza kuna nini. Alisema ni springi. Juma lililofuata alisema ni uma wa gia, umepinda. Baadaye ikawa oili, kisha ikawa uzee, kisha ikawa baridi, na ule ulikuwa mwezi wa kumi, wakati Dzaleka nzima tunajipepea. Mimi nilikuwa nimekaa kando ya mtu huyu miaka yote hiyo, nikajua kwamba fundi anayebadilisha jibu kila juma hajaanza inje. Nilimwambia hivyo hivyo, kwa maneno yake mwenyewe. Alicheka, akainama, akaokota spana asiyoihitaji.

Kila Jumanne alikwenda Lilongwe, alisema kununua vipuri. Aliondoka mapema, peke yake, keria tupu, akarudi jioni. Watu waliopanda minibasi walitusimulia kwamba walimpita kabla hajafika barabara kubwa, na nyuma yao kidogo kabaza, bodaboda wa baiskeli, aliyebeba mbuzi naye alikuwa anamkaribia. Wakati huohuo alinijia na kipande cha turubai na godoro kuukuu akaniomba nimshonee mto wa keria, mnene, wenye kamba za kufungia na mshikio upande mmoja. Nilimwuliza ni wa nini. "Ya kubebea pyesi," alisema, akimaanisha vipuri. Nikamwuliza vipuri vyake vinaumwa mgongo? Hakujibu, na mtu yule kutokujibu lilikuwa tukio. Nilimshonea mto mzuri, na mshikio nikaushona mara mbili kama alivyotaka.

Kicheko cha mwanzo kilikuwa chetu sisi majirani, hakikuwa na ubaya. Lakini muda si mrefu alikuja fundi kijana kutoka Uvira, hodari, mwenye vifaa vipya na ulimi mwepesi, akafungua gereji upande wa pili wa soko. Huyu hakuhitaji kutafuta maneno ya kujitangaza, kwa sababu maneno yalikuwa yakipita mbele yake kila Jumanne kwa gia ya pili. "Fundi wa vitesi, vitesi yake mbili!" aliwaambia wateja. "Atakupatia ya ine, aitoe wapi?" Wateja wakaanza kuvuka soko. Ninasema hili wazi kwa sababu ndilo lililokuwa hatarini kwa mtu huyu: hakuwa na shamba, hakuwa na ndugu ughaibuni, alichokuwa nacho ni jina la kwamba anajua gia, na jina hilo lilikuwa linamtoka siku kwa siku mbele ya macho yake. Siku nyingine alikaa chini ya turubai lake tangu asubuhi akisafisha spana zilezile. Upande wangu wa matete palikuwa kimya hata nikakosa raha ya kushona.

Mwishowe kijana wa Uvira akajitolea kuitengeneza Koko hadharani, bure. Nilidhani mzee wetu atakataa. Alikubali, akaleta hata kigoda cha kukalia. Kijana aliingia ndani moja kwa moja. Alifungua kifuniko cha ubavuni, akatoa sahani za klachi, akakagua springi ya kurudishia pedali, akakagua makucha yanayosukuma ngoma ya gia, akavipanga vyote juu ya gunia. Vyote vilikuwa vizima. Alifunga, akapanda, akazunguka soko, gia ya kwanza, gia ya pili, na basi. Alishuka amelowa jasho, akasema hii bwati ni ya wachawi. Watu wakacheka, na mara hii waliwacheka wote wawili. Mzee wetu alisimama akakunja kigoda chake. "Mutoto ya muzuri," alisema, "lakini ulianza ndani." Kijana alidhani ni dharau, nami nilidhani ni ubishi wa mtu aliyeshindwa.

Baadaye mimi nilihamia mjini, nikapata chumba mtaa wa Nsungwi na kibanda hiki cha Area 36, na habari za Dzaleka nikawa nazipata kwa vipande kama vitambaa vya mabaki. Alikuwa bado anakwenda Lilongwe, sasa mara moja kwa mwezi, bado kwa gia mbili. Pikipiki mpya zilijaa, zenye gia zinazoingia kama kisu kwenye siagi, na vijana waliozipanda hawakuvua viatu kwa ajili ya mtu. Wateja wake waliobaki ni wale wenye mashine za zamani na wale wanaopenda kuzungumza. Mara ya mwisho nilipomtembelea alikuwa amekonda, ovaroli imemzidi. Aliniuliza kama viraka vinaweza kupunguza nguo. Nikamwambia alete kiatu kwanza. Tulicheka hadi mkewe akatoka ndani kutazama.

Basi nilikwenda msibani. Siku ya kumaliza matanga, baada ya sala, chai ilipokuwa inazungushwa, mkewe alitaka Koko itazamwe, maana haikuwa imewashwa tangu mwenyewe aanguke kitandani. Aliyejitokeza ni yule fundi wa Uvira. Si kijana tena, ana mvi mbili tatu, na nilimwona ameinama mbele ya pikipiki kwa muda bila kugusa kitu. Kisha alifanya jambo lililowafanya wazee waliokuwa wamekaa kwenye mabenchi watabasamu. Alikwenda kwenye mlango akaomba apewe kiatu cha kushoto cha marehemu. Akakitazama, akakiweka chini kwa adabu. Akaitikisa pedali. Akaivuta klachi. Akanusa oili. Akalala chini, akakwangua tope na mafuta ya miaka yote hiyo kwenye tumbo la injini, akaifungua ile bolti ya goroli.

Haikuwa bolti ya pale. Ilikuwa ndefu kupita kiasi, na ncha yake ilikuwa imechongwa kwa tupa, taratibu, na mkono unaojua unachofanya, ili iiache ngoma ya gia izunguke hadi ya pili na kuizuia isifike ya tatu. Fundi alitafuta bolti ya kawaida kwenye kopo la marehemu, akaiweka na springi yake, akawasha. Koko ilitoka uani, kwanza, pili, na halafu tukasikia ile sauti ambayo wengi wetu tulikuwa tumeisahau, tatu, nne, hadi kwenye bomba la maji na kurudi. Watu walipiga makofi. Fundi hakufurahi. Alikuwa ameshika bolti ndefu kiganjani. "Hii haikuaribika," alisema. "Hii muntu aliitengeneza."

Hapo ndipo kicheko kilipogeuka. Mwanamume mmoja, mteja wa zamani aliyekuwa na kikombe cha pili cha chai ya mfiwa mkononi, alisema kwa sauti, "Kumbe njo vile! Alikuwa anajua kuua vitesi kwa makusudi. Sasa zetu je? Njo maana tulikuwa tunarudi kwake kila mwezi!" Mwingine akasema yake pia haikupona kamwe. Wa tatu akasema alikuwa anashangaa. Niliona jina la mtu linabomolewa kwenye uwanja wa nyumba yake, kaburi lake bado udongo mbichi, na bolti ilikuwa pale, imechongwa. Mke wa marehemu aliziba mdomo kwa mkono akawatazama wanawake waliokuwa wamekaa kwenye mkeka. Na kwenye mkeka, mama mkwe wa marehemu alikuwa anainuka.

Aliinuka kwa shida, akaiacha fimbo chini. Katika miaka yote ile sikuwahi kumsikia akisema mbele ya wanaume. "Batoto, munyamaze," alisema. "Jina ya ule muntu haiyapitaka mu kinywa yangu, na leo pia haitapita. Lakini ile buloni njo yangu." Alikuwa anaionyesha bolti kiganjani mwa fundi. "Munaona huu mguu? Ni sukari ilikuwa inaukula. Munganga wa hospitali ya Lilongwe alisema, mama, usipokuya kila Jumanne tuusafishe, tutaukata. Mu minibasi haukunjike. Mwenye kuwa na pikipiki alikuwa mukwe peke. Basi kabaza ananifikisha ku barabara kubwa, mukwe anatoka peke yake ananikuta kule, ili bantu basione. Siku ya kwanza alisema ataenda pole-pole. Tulifika ku lami, ile pikipiki ikaruka. Nikaona ninaanguka, nikamushika." Aliifunga upya kona ya kitenge chake. "Nikamushika mu kiuno, mikono yote mbili. Mi, mama ya muke yake."

Wazee wa kwetu walitazama chini. "Tulirudi, hakuna mwenye alisema kitu. Nikaambia mutoto yangu, mi sitarudia ile haya, bakate tu mguu. Kesho yake mutoto yangu akaniletea maneno ya bwana yake. Akasema, ambia mama, ile pikipiki haiwezi tena kukimbia, hata mi nikitaka." Aligeuka kuelekea mabenchi ya wanaume, na sauti yake kwa mara ya kwanza ikapanda. "Mulimucheka. Nilikuwa ninasikia. Angejibu neno moja tu, ningekuwa wimbo mu soko yote. Akanyamaza. Mi ninasimama mbele yenu na miguu mbili." Kisha akaketi, na mke wa marehemu akamfunika mabega, na mimi nikalia bila aibu, nikiukumbuka ule mto, mshikio nilioambiwa niushone mara mbili, na swali langu la kijinga kuhusu vipuri vinavyoumwa mgongo.

Fundi wa Uvira alikuwa bado amesimama uani. Aliipangusa bolti ndefu kwa shati lake, akaenda hadi ukingo wa mkeka, akachuchumaa mbali kidogo kama inavyotakiwa. "Mama," aliuliza, "bado unaendaka hospitali?" Mama akasema bado, Jumanne ya kwanza ya mwezi. Fundi akainuka. Alilala tena chini ya Koko, akaifungua bolti nzuri aliyokuwa ameiweka, akairudisha ile iliyochongwa, akaikaza. Alipotoka na vumbi mgongoni alimwambia mke wa marehemu kwamba Koko iko sawa, na kwamba Jumanne atakuja kuichukua. Yule mwenye kikombe cha pili alikiweka chini, akaaga.

Nimerudi Area 36, gauni la dada yule nimelimaliza, na nimewaza sana kuhusu jirani yangu aliyependa kusifiwa kuliko mtu yeyote niliyemjua, ambaye alichukua kile alichokipenda zaidi akakifunga kwa bolti ili mama wa mkewe asione haya na asikatwe mguu. Sisi tulimpima kwa kile tulichokisikia kikilia ndani ya injini. Yeye alitufundisha kila siku kwamba ndani ni mwisho, na hatukumsikia kwa sababu alikuwa anaongea sana. Sasa nimebaki na funzo moja, na nitawaachia kama nilivyolipata uani kwake. Ukimwona mtu anakwenda polepole wakati wenzake wote wanampita, usikimbilie kumfungua ujue ameharibika wapi. Anza inje. Tazama kwanza nyuma yake amekaa nani.